Mafua Yetu, Ghala Lao

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa hapa Tanga aliniuliza kwa nini GISAID, ghala la mtandaoni la jenomu za virusi vya homa ya mafua, humtaka kila mtumiaji ajisajili kwa jina lake halisi na kuahidi kuwataja waliopeleka data. Maghala mengine, alisema, hayaulizi mtu.

Nilimrejesha mwaka 2007. Indonesia iligoma kupeleka nje sampuli za mafua ya ndege, H5N1. Waziri wake wa Afya, Siti Fadilah Supari, alihoji kwa nini nchi itoe virusi bure, kisha iuziwe chanjo kwa bei isiyoimudu. Mwaka 2008 GISAID ikazinduliwa. Sharti lile ni jibu, ingawa ni nusu jibu: jina la mtafiti linalindwa, chanjo haimo.

Mtu wa Tanga huielewa hoja hiyo upesi. Wajerumani walianzisha taasisi yao Amani, milimani Usambara, mwaka 1902, na vielelezo vya mimea yetu vikasafirishwa Berlin. Mabomu ya 1943 yaliteketeza sehemu kubwa ya hazina ile.

Kijana akajisajili. Kisha akauliza: “Mwalimu, na nakala ya kwetu itakaa wapi?”

Sikuwa na jibu.