Mjomba, mtoeni huyo kijana

Simu yangu iliita alfajiri ya Ijumaa, 13 Septemba 2024, nikiwa bado kitandani. Alikuwa mjomba, kaka yake mama, ambaye ameishi Florida, Marekani, kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwetu simu kutoka mbali saa kumi na moja alfajiri ina maana moja tu: msiba. Nilipokea mikono ikinitetemeka.

"Shikamoo mjomba. Kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Tua ameumia tena kichwa."

Nikashusha pumzi. Nilimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki, halafu nikaona aibu, maana huyo Tua naye ni mtoto wa watu, ana mke na watoto.

Kwa wasomaji ambao hawafuatilii mpira wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mabega mapana, Tua Tagovailoa alikuwa kwotabeki wa timu ya Miami Dolphins. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi na kuamua amrushie nani. Timu ikiwa basi, yeye ndiye dereva. Kila timu ina mmoja wa kuanza na mwingine anayekaa benchi akisubiri, na hakuna ubishi unaowagombanisha mashabiki wa kule kama huu: huyu aendelee, au aingie yule?

Mimi na mjomba tulikuwa tumebishana kuhusu Tua kwa miaka miwili. Yeye alisema aachwe acheze. Mimi nilisema atolewe. Leo nataka niwaeleze kwa nini ubishi ule haukuwa wa mpira, na kwa nini nilikuwa nauogopa.

Mjomba aliupenda mchezo huu akiwa mgeni. Alipofika kule alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na wazee hao ndio waliomfundisha. Walimsimulia habari za Dan Marino, kwotabeki aliyeichezea Miami misimu 17 na kustaafu mwaka 2000. Baada yake Miami ilianzisha makwotabeki zaidi ya ishirini, wakija na kuondoka kama wapangaji. Timu haijashinda hata mechi moja ya mtoano tangu Desemba 2000. Ndipo mwaka 2020 ikamchagua Tua, kijana wa Hawaii mwenye asili ya Samoa, anayerusha kwa mkono wa kushoto.

"Tumekaa na njaa miaka ishirini," mjomba alikuwa akiniambia. "Tumepata mpishi, wewe unataka tumfukuze jikoni kwa sababu kajikata kidole."

Lakini hakikuwa kidole. Tarehe 25 Septemba 2022, katika mechi dhidi ya Buffalo Bills, Tua alisukumwa, kisogo kikagonga chini. Aliinuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache, akayumba na kupiga magoti. Kila aliyekuwa na televisheni aliona. Hata hivyo alirudi uwanjani kipindi cha pili na Miami ikashinda 21 kwa 19. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba tatizo lilikuwa mgongo.

Siku nne baadaye, Cincinnati, aliangushwa tena. Safari hii vidole vyake vilikakamaa mbele ya uso, vimejikunja vibaya, naye hawezi kuvishusha. Alitolewa kwa machela hadi hospitali. Uchunguzi wa ligi na chama cha wachezaji ulisema taratibu za mechi ya kwanza zilifuatwa, ila matokeo hayakuwa yale yaliyokusudiwa. Ndani ya siku kumi sheria ikabadilishwa: mchezaji anayeyumba baada ya kugongwa kichwa harudi tena siku hiyo, liwe limetajwa mgongo au lolote.

Siku ya Krismasi mwaka huohuo akapata mtikisiko mwingine wa ubongo. Baadaye alikiri hadharani kwamba yeye na familia yake walifikiria kuacha mpira. Hakuacha. Alijifunza jujitsu ili ajue kuanguka bila kupiga kisogo, na mwaka 2023 alicheza mechi zote 17 za msimu wa kawaida na kuongoza ligi nzima kwa yadi za kurusha. Julai 2024 akasaini mkataba mpya wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 212.4. Mjomba alinitumia picha ya kusaini na maneno mawili: "Upo hapo?"

Miezi miwili baadaye ndiyo ile simu ya alfajiri. Tua alikuwa amekimbia na mpira mwenyewe. Sheria inamruhusu kwotabeki kujitelezesha chini ili asikumbwe. Hakuteleza. Aliinamisha kichwa akamvaa beki wa Buffalo, na mkono wake ukakakamaa juu hewani.

Alikosa mechi nne. Miami ilishinda moja tu kati ya hizo, na hapo mjomba alinishika pabaya. "Unaona? Bila yeye hatuna timu. Halafu yule ni mtu mzima mwanangu. Ana madaktari, ana wakili, ana mkataba. Amesema mwenyewe hata kuendesha gari kwenda kazini ni hatari. Wewe nani umkataze?"

Ni hoja nzito, siwezi kuibeza. Mtu mzima ana haki ya kuchagua kazi yake. Wavuvi wetu hutoka usiku baharini wakijua. Waendesha bodaboda wanajua.

Nilimjibu kama mwandishi wa afya. Nikamwambia kiungo kinachotakiwa kuamua kama mtu yuko sawa ndicho hichohicho kilichoumia. Mtu aliyevunjika mguu anajua. Mtu aliyetikisika ubongo atakuapia kuwa yuko mzima. Nikamwambia ubongo uliokwisha kutikisika ni rahisi kutikisika tena, na pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo la kuogopwa zaidi. Nikamkumbusha Dk Bennet Omalu, Mnigeria, aliyeuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa zamani wa Pittsburgh Steelers aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50 tu baada ya kuchanganyikiwa kwa muda mrefu. Alichokikuta ni ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na vichwa kugongwagongwa kwa miaka, ugonjwa ambao hadi leo huthibitishwa tu baada ya mtu kufa.

"Umesoma mwanangu," mjomba alisema, na kwa sauti yake nilijua hajashawishika. "Lakini hujui mpira. Hujui ni nini kusimama pale ukiangalia, na wa benchi hawezi."

Hapo nikanyamaza. Kwa sababu najua.

Agosti 2019 nilikuwa nimerudi Tanga kwa likizo ya chuo. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa kidato cha nne, na ndiye aliyekuwa kipa wa timu ya mtaa wetu. Timu ilikuwa imefika fainali, zawadi ikiwa mbuzi na seti ya jezi. Mtaa mzima ulikwenda uwanjani, mama akiwa na mwavuli wake, mimi na khanga kiunoni, sauti imeshakauka kwa kushangilia.

Dakika kama ishirini kabla ya mwisho, mdogo wangu alitoka golini kuufuata mpira wa juu. Goti la mshambuliaji likampata ubavuni mwa kichwa. Tulisikia mlio. Alilala kama gunia. Wakammwagia maji ya kopo, wakampepea kwa fulana, akainuka. Watu wakapiga makofi. Akaanza kutembea kurudi golini kwake, ila aliyokuwa akiifuata siyo goli yetu.

Uwanja ulicheka. Nami nilicheka.

Kocha aliangalia benchi. Kipa wa akiba alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne, jezi inamfika magotini. Kisha kocha akatugeukia sisi, familia, kama anayeomba ruhusa. Mama hakusema kitu. Mimi, msomi wa nyumba, nilipiga kelele kuliko wote: "Mwache! Yuko sawa! Mwache acheze!"

Akaachwa. Dakika za mwisho wenzetu wakapata penalti, naye akaidaka. Tukambeba mabegani hadi nyumbani, na mbuzi nyuma.

Usiku akatapika mara tatu. Tukasema ni jua, tukampa soda. Akaniuliza, "Dada, hivi tumeshinda?" Nikamjibu. Baada ya dakika tano akaniuliza tena, kwa maneno yaleyale, uso uleule. Alipouliza mara ya nne mama aliwasha taa, akanitazama, na hakuna aliyelala tena. Asubuhi tulimpeleka hospitali. Tulikuwa na bahati, damu haikuwa imevuja ndani. Lakini kwa miezi miwili hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kichwa kumpasuka, na Novemba aliingia kwenye mtihani wa taifa akiwa amefunga macho nusu. Aliurudia mwaka uliofuata.

Mambo hayo nilimweleza mjomba kwa mara ya kwanza siku ile tukibishana kuhusu Tua. Kule Florida kukawa kimya hadi nikadhani bando limekwisha.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulikwambia kuhusu penalti, mjomba."

Ni kweli. Tulimpigia usiku uleule, maana glavu zile alizituma yeye. Tulimsimulia penalti, tukamsimulia mbuzi. Yaliyofuata tuliyafungia ndani. Nani angependa kusema, tulimwona mtoto wetu amepotea njia uwanjani na tukamshangilia?

Hiyo ndiyo sababu sikuwahi kuuchukulia ubishi wa Tua kama soga za mpira. Mashabiki walikuwa wakiuliza nani anarusha vizuri zaidi. Swali la kwanza lilipaswa kuwa jingine: nani ana ujasiri wa kumtoa mtu ambaye sote tunamhitaji? Mchezaji mwenyewe hawezi, atakataa. Shabiki hawezi, ana njaa. Kocha ana kibarua chake. Hata dada hakuweza. Ndiyo maana lazima awepo mtu mmoja ambaye kushinda au kushindwa hakumhusu, na sheria impe nguvu. Soka letu nalo limeanza kulielewa hilo. Tangu Julai 2024 sheria za mchezo duniani zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyeumia kichwa, ili kocha asilazimike kuchagua kati ya sabu na afya ya mtu.

Tua alirudi tarehe 27 Oktoba 2024. Mjomba aliniambia aliangalia mechi nzima amesimama, na kila Tua alipoanguka alijikuta akisema, "Lala chini mwanangu, lala tu." Miami ilifungwa 28 kwa 27. Mjomba hakulalamika.

Desemba 2025 akanitumia ujumbe: "Wamemtoa." Nikauliza haraka, kichwa? "Hapana. Mipira yake imepokonywa mara nyingi mno. Wamemweka kijana mpya." Nilikaa na ule ujumbe muda mrefu. Mitikisiko ya ubongo haikumnyang'anya nafasi yake moja kwa moja. Kurusha vibaya kulimnyang'anya.

Mzazi unayesoma ukurasa huu, mwanao huenda anacheza shuleni, mtaani, au anajiandaa kwa UMISSETA. Pembeni ya uwanja wake hakutakuwa na daktari. Utakuwepo wewe. Akigongwa kichwa kisha akayumba, akashika kichwa, akatazama kama haoni, akauliza jambo moja mara mbili au akasahau matokeo, atoke, na asirudi siku hiyo hata akilia. Si lazima awe amezimia. Usimwache peke yake saa za mwanzo. Akitapika tena na tena, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, usingizi ukiwa mzito hadi haamki vizuri, au mkono ukilegea, usingoje asubuhi kama sisi. Na akipona, arudi shuleni kwanza, uwanjani baadaye, tena polepole na kwa ushauri wa daktari.

Mdogo wangu sasa ni fundi umeme. Yuko salama, namshukuru Mungu. Watu wa mtaani wakimwona bado wanamwita kwa ile penalti, naye hutabasamu tu. Hawajui kwamba haikumbuki. Siku bora ya maisha yake ya mpira ameisimuliwa na watu wengine.

Wiki iliyopita nilimuuliza, kama ningesema utoke, ungetoka?

"Ningekataa dada," alisema, akiendelea kuvuta waya wake. "Ningekutukana kabisa. Lakini wewe ndiye ulikuwa na akili zako siku ile."