Mbu wa Rusinga na Harufu ya Miguu

Ukivuka daraja la Mbita, Homa Bay, unaingia Rusinga, kisiwa kidogo cha Ziwa Viktoria. Wengi hukijua kwa kaburi la marehemu Tom Mboya. Wachimbuaji wa mifupa ya kale hukijua kwa fuvu la Proconsul alilolipata Mary Leakey mwaka wa 1948. Mimi nataka tuzungumze juu ya mbu.

Je, umewahi kujiuliza kwa nini wanasayansi hupenda visiwa? Maji ni ukuta. Mbu wa nje hawaingii kwa wingi, kwa hivyo ukiwapunguza wa ndani, tofauti huonekana. Ndiyo sababu watafiti wa ICIPE, wenye kituo pale Mbita, walikichagua kisiwa hiki wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi na Uswisi. Kati ya 2013 na 2015 nyumba 4,358 ziliwekewa mtego wenye feni na chambo cha harufu iliyotengenezwa ifanane na ya binadamu. (Ndiyo, hata ya miguu. Usicheke, mbu huipenda.) Feni iliendeshwa kwa nguvu za jua, na umeme huohuo uliwasha taa mbili na kuchaji simu.

Hapa tusimame kidogo. Mitego haikutolewa kwa siku moja. Nyumba ziligawanywa katika vikundi 81, na bahati nasibu ikaamua ni kipi kitangulie. Vyandarua na matibabu viliendelea kwa wote, lakini mimi ni mzazi. Nikimfikiria mama anayemkanda mtoto mwenye homa gizani huku taa ya jirani inawaka, roho huniuma. Halafu najiuliza: kama wote wangepata pamoja, wangelinganisha nini na nini? Swali hilo sijalimaliza, wala sidhani litaisha kwa urahisi.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Penye mitego, watu 24 hivi katika kila 100 waliopimwa walikuwa na vijidudu vya malaria. Pasipokuwa nayo, karibu 35. Mbu aina ya funestus, ambao ni waambukizaji wakubwa wa malaria, walipungua kwa asilimia 69.

Lakini simama ufuoni usiku usio na mbalamwezi, uzitazame taa za wavuvi wa omena zilivyotapakaa ziwani. Mtego uko nyumbani, chandarua kiko kitandani, na baba atarudi alfajiri.