Kibali au Ufagio

Miaka ya themanini nilikuwa Wernigerode, Ujerumani Mashariki, nikijifunza ufundi wa umeme. Aliyelelewa Unguja kwa hadithi za wachawi wa Pemba hashtushwi upesi na mambo hayo, lakini watu wa milima ya Harz walinishinda: wachawi wao waliwauza madukani, vikaragosi vya vibibi wenye pua ndefu waliopanda mifagio. Walisimulia kwamba usiku wa kuamkia Mei 1 wachawi huruka hadi kilele cha Brocken, mita 1,141, wakacheze ngoma na shetani. Goethe aliupanda mlima huo mwaka 1777, kisha akautia katika tamthilia yake ya Faust.

Sisi tuliutazama kwa mbali tu. Tangu Agosti 1961 kilele kilikuwa eneo la kijeshi mpakani, na huko juu Warusi na Stasi, idara ya usalama, walitega mitambo ya kunasa mazungumzo ya Ujerumani Magharibi. Bibi mwenye nyumba niliyopanga aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, kupanda kule sharti uwe na kibali, au ufagio."

Ukuta wa Berlin ulifunguka Novemba 1989, lakini Brocken ikabaki imefungwa. Jumapili, Desemba 3, tukapanda kwa miguu kutoka Ilsenburg, umati mkubwa, wengine wakitokea Schierke. Kileleni tukakuta ukuta wa zege unaozidi mita 3. Watu wakapiga kelele lango lifunguliwe, na mchana ule ule likafunguliwa.

Nilipoingia tu, macho yakaangukia kuba kubwa. Nikadhani msikiti! Kumbe ni kituo cha Stasi, na wenyeji nao walikitania kwa jina hilo hilo. Jina lake la siri lilikuwa Urian, jina la shetani katika ngano zao. Serikali iliyocheka ushirikina ilikuwa imempa shetani kazi ya kusikiliza simu.

Askari wa mwisho wa Urusi waliondoka mwaka 1994. Sasa garimoshi la mvuke hupandisha watalii, nao hurudi na hadithi za wachawi. Mimi, katika watu wote niliowajua Wernigerode, sikumwona hata mmoja aliyemwogopa mchawi. Walimwogopa jirani anayepeleka habari zao.