Nyamazeni, Pasha, Mashallah

Tanga, Jumatatu. Darasa la pili la mwalimu mwenzangu, watoto wanne kwenye dawati la wawili. Mwalimu akiingia wote husimama: "Shikamoo, mwalimu!" Ameitikia marahaba, lakini hajawaketisha. "Nangoja mgongo mmoja unyooke," amesema kwa sauti ya chini, bila kumtaja mtu. Migongo yote imenyooka, hata wa yule aliyekuwa akitafuta penseli chini ya dawati. Ndipo akasema, "Kaeni." Nimefundisha miaka 19 na sijawahi kulipata darasa kwa maneno machache hivyo.

Mtoto akipatia ubaoni: "Mpigieni makofi matatu." Pa, pa, pa. Kisha anapelekewa daftari lake lenye alama ya vema kwa wino mwekundu, naye anaifunika kwa kiganja kama anayelinda kifaranga.

Lakini pembeni mwa ubao kiranja ameandika: WAPIGA KELELE. Majina sita. Orodha hiyo naijua. Nikiwa darasa la tatu niliandikwa kwa kumwomba jirani kifutio, na jina langu likakaa pale hadi kengele ya kwenda nyumbani. Sikumwomba mtu kitu tena muhula ule wote.

Jumatano, nimevuka Horohoro kuingia Lunga Lunga. Kilichonileta ni swali moja. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu, visizidi vinne, kwa mamlaka ya mkuu wa shule. Je, mwalimu asiye na fimbo nyuma ya mlango husema nini?

Kwale, Gredi ya Pili. Hapa salamu ni "Hamjambo?" "Hatujambo, mwalimu!" Makofi yana maandalizi yake: "Pasha!" Viganja vinasuguliwa, vinasuguliwa, mpaka mwalimu aseme "Mpe!" na kofi moja litue kwa pamoja. Hakuna mtoto anayeweza kumfinya mwenzake huku anapasha. Nimeipenda sana hiyo, nitaondoka nayo.

Mvulana mmoja wa nyuma amekuwa akirusha vipande vya chaki tangu asubuhi. Nilijua mimi ningesema nini: "Ngoja nikushike." Mwalimu wa Kwale amesema, "Baba, njoo unigawie vitabu." Kijana amekuja mbele, amegawa kwa uangalifu, kimoja kimoja, akimsubiri kila mwenzake apokee kwa mikono miwili. Aliporudi kukaa hakurusha kitu. Baadaye, chini ya mwembe, nimemuuliza mwalimu kama hiyo si kumzawadia mtundu. Akasema mtoto yule huchoka kukaa kabla ya wenzake, na kuchoka si kosa.

Jumamosi, Unguja, mtaa wa Ng'ambo, chuoni, yaani madrasa, baada ya alasiri. Hapa kila nilichokizoea kimegeuka. Watoto wako mkekani, juzuu juu ya marfaa, kila mmoja anasoma mahali pake kwa sauti yake, na sauti zikianza kufifia mwalimu anasema, "Sikusikieni!" Kimya ndio utovu wa adabu. Aliyemaliza sura yake bila kukosea hapigiwi makofi, mwalimu anasema "Mashallah," halafu "Takbiri!" na chumba kizima kinajibu "Allahu Akbar!" Binti aliyepewa takbiri hiyo alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Aliinamisha uso, akavuta ushungi, akatabasamu ndani yake.

Sidai kwamba pwani yote iko hivi. Vitisho nimevisikia pande zote mbili za mpaka. Ila katika daftari hili ninamoandika niliyoyasikia, neno "nyamazeni" nimeliandika mara nyingi sana, na kila mara darasa lilirudia kelele kabla sijamaliza mstari. "Nangoja mgongo mmoja" nimeliandika mara moja tu.

Jumatatu, darasani kwangu. Nimefuta WAPIGA KELELE na kumpa kiranja kichwa kipya: WALIOSAIDIA. Ameshika chaki muda mrefu, akiangalia dawati baada ya dawati. Jina la kwanza aliloandika ni la msichana aliyemwazima jirani yake kifutio.