Makovu ya bi harusi

Huku Mkange tunapomsinga bi harusi ndipo tunapoyaona makovu ya wembe mkononi. Tunasema jini, na kabla ya magharibi jirani ana habari. Huenda ni baipola: wiki za uchangamfu wa kupindukia, kisha huzuni nzito. Mwaka 2017 watafiti wa Yale, Marekani, walipima vijana wenye maradhi hayo. Waliowahi kujaribu kujiua, sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza hisia na pupa, ilikuwa ndogo kidogo kuliko ya wenzao. Hapo imani inalaumiwa kwa lipi? Tumsomee ruqya, na Muhimbili tumpeleke. Akitumia valproeti, amwambie daktari mapema kwamba anaolewa: dawa hiyo hudhuru mtoto tumboni. Ila asiiache ghafla.