Mwalimu, Mtoto Huyu Atachaguliwa?

Katika mihtasari ya masomo ya shule ya msingi hamna mahali palipoandikwa namna ya kulijibu swali ambalo mwalimu wa darasa la saba huulizwa kuliko mengine yote. Huulizwa na mwanafunzi anaporudishiwa karatasi za mtihani wa majaribio, huulizwa na mama yake gulioni, na huulizwa na baba yake jioni, mlangoni pa nyumba ya mwalimu: "Mwalimu, mtoto huyu atachaguliwa?" Wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha hawana budi kulifikiri swali hili kabla halijawafikia. Mimi lilinifikia sijajiandaa, nikalijibu vibaya.

Mwaka 2015 nilikuwa nikifundisha darasa la saba katika shule ya kijiji upande wa Nyarugusu, wilayani Geita. Wenyeji walilima mihogo na mahindi, lakini fedha taslimu ilitoka zaidi ardhini: katika maduara ya wachimbaji wadogo, katika makarasha yaliyosaga mawe mchana kutwa, na katika mialo ambako unga wa mawe ulioshwa na dhahabu ikakamatwa kwa zebaki. Huko mtoto wa miaka kumi na minne alikuwa tayari na thamani yake. Kila mwezi aliokaa darasani ulikuwa na gharama ambayo mzazi aliijua barabara, hata kama hakuitaja.

Darasani mwangu alikuwamo binti mmoja, hodari wa Hisabati, dhaifu wa Kiingereza. Wakati ule mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa na masomo matano, kila somo alama 50, jumla 250, na aliyepata alama 100 au zaidi alihesabiwa kuwa amefaulu. Katika mtihani wa majaribio binti huyu alipata 148. Baba yake alinijia jioni moja ya mwezi Julai, nguo zikiwa na vumbi la karasha. Tulisalimiana, akakataa kiti, akaniuliza swali lile. Nilimwonyesha karatasi, nikamwambia, "Mzee, kwa alama hizi sidhani kama atachaguliwa."

Nilikuwa nikifikiri habari za shule za vipaji maalumu. Wiki ile nzima sisi walimu tulizungumza juu ya shule hizo: Kilakala, Msalato na Wasichana Tabora kwa wasichana, Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Wavulana Tabora kwa wavulana. Ni shule chache zinazopokea watoto kutoka nchi nzima, na alama 148 hazikuwa za kumfikisha huko. Katika hilo sikukosea. Lakini baba yule hakuja kuniuliza habari za Msalato.

Yeye alimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Enzi hizo mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, ulioanza kutekelezwa 1977, ulikuwa umewaingiza shuleni watoto wengi mno, hali shule za sekondari zilibaki chache na nafasi zake ziligawiwa kwa mikoa. Waliochaguliwa kwenda sekondari za serikali hawakufika watoto kumi katika kila mia. Zilikuwako shule za vijijini ambazo mwaka ulipita asichaguliwe hata mmoja. Kwa watu wa kizazi hicho kutochaguliwa kulikuwa na maana moja tu: masomo yamekwisha, shika jembe. Ndivyo alivyoyapokea maneno yangu.

Mimi nilikuwa mtu wa zama nyingine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza 2004, ulikuwa umezitawanya shule za kata nchi nzima, na kufikia 2015 mtoto aliyefaulu alikuwa na tumaini kubwa la kupata nafasi katika mojawapo, ijapokuwa wengine walisubiri kwanza madarasa yajengwe. Neno lilikuwa lile lile. Mlango ulikwisha kupanuliwa. Tulisimama pale tukilitumia neno moja kwa mambo mawili, wala hakuna kati yetu aliyetambua.

Mtihani ulifanyika Septemba, na binti aliufanya. Oktoba akapelekwa Kahama kwa shangazi yake, asaidie katika kibanda cha mama lishe. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na jina lake lilikuwamo katika orodha ya sekondari ya kata. Januari 2016 jina liliitwa, mtu hakuwapo. Isitoshe, kati ya Julai na Januari lilitokea jambo ambalo hesabu zangu zisingeweza kuliona: Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada hadi kidato cha nne, na shilingi 20,000 kwa mwaka za shule ya kutwa zikaondoka.

Nilikwenda kwa baba yake pamoja na mtendaji wa kijiji. Hakugomba. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, si wewe uliyesema?"

Sikuwa na la kujibu. Nimepata kukaguliwa na wakaguzi wakali, lakini hakuna aliyeniuliza swali zito kama hilo. Binti alirudi kutoka Kahama mwezi Aprili. Majuma ya kwanza ya kidato cha kwanza ndiyo hutumika kuwazoeza watoto lugha ya Kiingereza, na hayo ndiyo aliyoyakosa, yeye aliyeyahitaji kuliko wenzake wengi.

Ndugu mwanachuo, ukikadiria kama mtoto atachaguliwa unakadiria vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza ni mtoto mwenyewe, na huyo unamjua. Cha pili ni mlango anaouelekea: una nafasi ngapi, nani wengine wanaugombea, na sheria yake ni ipi mwaka huo. Mlango hubadilishwa na watu wasiomjua mtoto. Hata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia hayo. Azimio la Musoma la 1974 liliagiza kwamba waliomaliza kidato cha sita wafanye kazi kwanza, wapendekezwe kazini na katika Chama, ndipo waombe nafasi. Alama za mtihani peke yake hazikutosha tena. Idadi ya wasichana walioingia ikapungua, na baadaye sharti hilo likalegezwa kwao. Msichana aliyeambiwa "huna njia" mwaka mmoja aliweza kuwa nayo baadaye, na alama zake hazikuongezeka hata moja.

Kwa hiyo mimi sasa, kabla ya kujibu, huuliza. Ukisema kuchaguliwa, una maana gani? Na ukipata jibu, utafanya nini? Swali la pili ni gumu kulitamka mbele ya mtu mzima, lakini ndilo ambalo lingemwokoa binti yule. Kisha huitenga milango mmoja mmoja: kufaulu ni jambo moja, shule ya kata ni jingine, ya bweni ni jingine, na ya vipaji maalumu ni jingine kabisa. Wala sisemi kwa mtihani mmoja. Mchimbaji mwenye akili haliamui duara kwa jiwe moja. Huponda mawe ya pande mbalimbali, akaosha, akatazama. Tena tuwe waangalifu na kumbukumbu zetu wenyewe. Siku hizi masomo ya mtihani ni sita na jumla ni 300. Alama 148 katika 250 ni kama 59 katika mia. Katika 300 hazifiki hata 50. Mwalimu wa zamani akisema "148 si haba" huwa anazungumza juu ya mtihani ambao haupo tena.

Mwanachuo mmoja alinipinga darasani, akasema kwamba kumpa mtoto tumaini la uongo nako ni ukatili. Ni kweli. Niliwahi kumwahidi mvulana mmoja Ilboru, na alipopangiwa shule ya kata alikaa nyumbani majuma mawili kwa aibu. Simwombi mwalimu afiche alama. Azitaje, aseme zinatosha mlango upi na zimepungua kiasi gani kwa mlango upi, na amwachie mzazi hesabu yote badala ya neno moja.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi. Itakapotekelezwa kikamilifu, swali la mzazi litakuwa ni la mtoto aende wapi. Hata hivyo wazazi wataendelea kuuliza kwa neno lile la zamani.

Mwanzoni mwa 2020, nikiwa safarini kurudi chuoni Shinyanga, nilikutana na baba yule katika stendi ya mabasi ya Kahama. Matokeo ya kidato cha nne yalikuwa yametoka na binti amepata daraja la tatu. Kabla sijaweka mzigo chini akaniuliza, "Mwalimu, atachaguliwa?"

"Kwenda wapi, mzee?"

Alicheka, akavuta benchi la muuza kahawa, tukakaa. Tulianza na kidato cha tano, tukaja kwenye vyuo vya ualimu, kisha uuguzi, kisha ufundi, na kila tulipofika aliniuliza wanataka nini na ni lini. Basi langu likaondoka bila mimi.