Rangi ya Kuazima

Mkanda wa video uliingia nyumbani mwao, kisiwani, katikati ya miaka ya 1990, ndani ya sanduku la jamaa aliyerejea safari. Ndugu wawili, mkubwa wa miaka 14 na mdogo wa miaka 11, waliutazama hata picha ikaanza kuchanika mistari. Ilikuwa filamu ya Way Out West, ya Stan Laurel na Oliver Hardy, mwembamba na mnene. Nayo ilikuwa ya rangi. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba rangi ile haikuzaliwa pamoja na filamu. Kaka, ambaye mwili wake ulimstahilisha, alijitwalia nafasi ya Hardy bila ya kuulizwa. Mdogo akabaki kuwa Laurel, akajifunza kukuna utosi na kulia kwa uso uliokunjamana. Uani, mbele ya bibi yao aliyekuwa akichambua mchele, walikuwa wakicheza ile ngoma ya mbele ya kilabu cha ulevi, na bibi akicheka hata punje zikimwagika kwenye jamvi.

Waliokwisha kuiona filamu hiyo hawahitaji kuelezwa ngoma ni ipi. Kisa chenyewe ni chepesi: wajinga wawili wanapeleka hati ya mgodi wa dhahabu kwa binti wa mtafuta dhahabu aliyefariki, wanafika mji wa Brushwood Gulch, wanalaghaiwa na mwenye kilabu pamoja na mkewe, kisha wanahangaika kuirudisha hati kwa mwenyewe. Lakini kabla ya balaa hilo, wanaume wanne wameketi kilabuni kwa nje wanaimba, na wale wawili wanasimama kusikiliza. Mguu mmoja unatikisika, wa pili unaufuata, na ghafla watu wawili wasioweza kuvuka mto bila ya mmoja wao kutumbukia shimoni wanacheza kwa ulinganifu ambao mtunzi yeyote wa mashairi angeutamani kwa mizani yake. Hakuna mzaha ndani yake. Wanacheza vizuri tu, na uzuri huo ndio unaochekesha.

Mdogo mtu alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima, mpenzi wa mashairi na mwenye maoni makali juu ya mambo mengi, alipoiona kwa mara ya kwanza filamu ile kama ilivyotolewa mwaka 1937, nyeusi na nyeupe. Alihisi kama mtu aliyegundua kwamba picha ya marehemu aliyoizoea ukutani ilichorwa upya na fundi asiyemjua marehemu.

Akatafuta habari. Katikati ya miaka ya 1980 studio ya Hal Roach, iliyokuwa imekwisha kupita mikononi mwa wamiliki wengine, ilianza kuzitia rangi kwa kompyuta filamu zake za zamani, na Way Out West ilikuwa miongoni mwa za mwanzo. Kazi ilikwenda hivi: filamu ilinakiliwa kwenye mkanda wa video, fundi akachagua rangi za picha ya kwanza ya kila tukio, koti hivi, ukuta vile, kisha kompyuta ikaifuata picha baada ya picha, ikimwaga rangi hizo juu ya kijivu kilichokuwapo, mpaka tukio libadilike. Filamu ya dakika 65 ina picha zipatazo 93,600. Ni kazi ya subira, wala haifai kuidharau. Hata hivyo rangi za miaka ile zilikuwa hafifu na bapa, na ngozi za watu wote zilielekea kufanana, kana kwamba mji mzima umezaliwa na mama mmoja.

Zogo lililofuata linajulikana. John Huston, aliyeongoza The Maltese Falcon, alijitokeza mwaka 1986, hali ya kuwa mgonjwa, kulaani kutiwa rangi kwa filamu yake. Mabishano yakafika hadi kwenye bunge la Marekani, na mwaka 1988 ikapitishwa sheria ya kuteua filamu 25 kila mwaka za kuhifadhiwa. Mengi yaliyosemwa wakati huo yalikuwa ya kweli, na machache yalikuwa ya kujitukuza. Ilidaiwa, kwa mfano, kwamba watengenezaji wa zamani waliuchagua weusi na weupe kwa ajili ya sanaa. Wengi wao hawakuchagua. Rangi kamili ilikwishapatikana kabla ya mwaka 1937, ila ilikuwa ghali, na vichekesho havikutengewa fedha za namna hiyo.

Hoja yenye uzito zaidi imo usoni mwa Stan Laurel mwenyewe. Macho yake yalikuwa ya buluu iliyopauka mno, na filamu zilizotumika mwanzoni mwa miaka ya 1920 ziliigeuza buluu kuwa karibu nyeupe, hata akaonekana kama mtu asiye na mboni. Jambo hilo lilimchelewesha katika senema, mpaka zilipokuja filamu za aina mpya zilizoyaona macho yake. Huyu basi ni mtu ambaye riziki yake ilitegemea namna rangi inavyogeuka kijivu. Akaijua elimu hiyo kwa kuumia. Alijipaka uso poda nyepesi ili uonekane mweupe na mtupu, uso wa bwege asiyeandikwa kitu, kando ya uso wa Hardy uliojaa mashavu, haya na ghadhabu. Sasa anakuja fundi, nusu karne baadaye, anaukuta weupe ule, naye kwa nia njema anautia rangi ya waridi ya mtu mwenye afya. Bwege amepona. Kichekesho kimepungua kwa kiasi hichohicho.

Wasomaji wa mashairi ya kale ya pwani wanaijua hali hii kwa njia nyingine. Utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu huacha mahali ambapo neno laweza kusomwa hivi au vile, na anayeuhamishia kwenye herufi za Kirumi hana budi kuchagua. Akichagua, wasomaji wa baadaye hawaoni tena kwamba palikuwa na mlango wa pili. Tofauti ni kwamba mhamishaji mwaminifu huuweka mswada wa asili mahali unapoonekana. Mkanda ule haukumwambia mtoto wa miaka 11 kwamba kuna mswada.

Naye Laurel hakuulizwa. Hardy alifariki Agosti 1957; mwenzake, akiwa mgonjwa, hakuweza kwenda mazikoni, na tangu siku hiyo hadi kifo chake Februari 1965 hakukubali kuigiza tena. Aliishi katika nyumba ndogo ya kupanga huko Santa Monica, jina lake limo katika kitabu cha simu, akiwapokea wageni na kujibu barua. Filamu zao zilikuwa zikioneshwa kwenye televisheni bila ya yeye kulipwa chochote, zikikatwakatwa ili matangazo ya biashara yapate nafasi. Kukatwa huko ndiko kulikomuuma. Alijitolea kuzihariri upya yeye mwenyewe, bure, na hawakumkubalia. Mtu wa namna hiyo angesema nini kuhusu rangi? Yapo mambo mawili ya kufikiria: kwamba mwaka 1930 yeye na Hardy waliigiza katika The Rogue Song, filamu ya rangi ambayo sehemu yake kubwa imepotea; na kwamba wakati wa vita walionekana tena katika rangi halisi, kwenye filamu fupi ya serikali kuhusu matumizi ya mbao. Rangi haikuwa adui yao. Walinyimwa tu nafasi ya kuifanyia kazi.

Haya yote mdogo mtu aliyasema barazani mara nyingi, na kaka yake, ambaye hakuwa na subira na nadharia, alikuwa akimjibu kwa kujipepea tai ambayo hakuivaa, kama Hardy.

Kaka alifariki mwaka 2019. Baada ya arubaini, bintiye mdogo alimwendea ami yake na kompyuta. Alikuwa amezipata zote mbili, ya kijivu na ya rangi, akataka kujua aifungue ipi. Ami akaanza kumweleza habari za macho ya buluu na za poda, na binti akamsikiliza kwa adabu mpaka alipotua.

"Sawa, Ami," akasema. "Lakini baba aliiona ipi?"

Akaifungua ya rangi. Mbuga ilitokea na kijani chake cha kuazima, kisha mto, kisha nyumbu wao Dinah. Walipofika kilabuni na wale wanne wakaanza kuimba, ami alikuwa ameketi mkono wa kushoto wa kochi, kama alivyozoea, na upande wa kulia ameuacha wazi.